Namna ya Kumchora Lucky Dube Asigeuke Bob Marley

Pita mtaa wowote wenye saluni ya kinyozi, kuanzia Mbagala hadi Kisauni, hutakosa kuiona: mwanamume mwenye dredi, nyuma yake nyekundu, njano na kijani, na chini jina LUCKY DUBE kwa herufi kubwa. Ziba jina kwa kiganja, anayebaki ni Bob Marley. Wachoraji wengi wa mabango hujifunza uso mmoja wa reggae, wakautumia kwa wote na kubadilisha maandishi. Mteja analipa, kwa kuwa naye anaangalia dredi.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kumchora Lucky Dube mwenyewe, mwanamuziki wa reggae wa Afrika Kusini, ili hata jina likifutwa watu waseme "huyu ni Lucky". Tutachora kichwa na mabega kwenye hadibodi ya sentimita 60 kwa 80, kwa rangi za akriliki. Mbinu hizohizo zinafaa ukutani au kwenye mlango wa bati, mradi uso unaochorea umeandaliwa.

Kabla ya brashi: ni Lucky yupi?

Alizaliwa tarehe 3 Agosti 1964 huko Ermelo, mashariki mwa Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi. Alizaliwa dhaifu, ikadhaniwa hataishi. Alipopona akaitwa Lucky, mwenye bahati. Alianza kwa kuimba mbaqanga, muziki wa dansi wa Afrika Kusini, kwa Kizulu, kisha katikati ya miaka ya 1980 akageukia reggae. Albamu ya Slave ya mwaka 1987 ndiyo iliyomtangaza kweli, na ya mwisho aliyotoa akiwa hai, Respect, ni ya 2006. Usiku wa 18 Oktoba 2007, katika kitongoji cha Rosettenville, Johannesburg, waporaji waliotaka gari lake walimpiga risasi muda mfupi baada ya kuwashusha wanawe. Alikuwa na miaka 43.

Tarehe hizi zina kazi kwa mchoraji. Kijana wa Slave ana miaka 22 au 23, na mtu wa Respect amekaribia 42. Uso umebadilika hapo katikati, na dredi pia. Kosa la kawaida ni kuchukua nywele za picha moja na uso wa picha nyingine iliyopigwa miaka kumi baadaye, ukapata mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Chagua mwaka, au walau kipindi, ukae nacho hadi mwisho.

Chagua pia hali. Lucky wa jukwaani alikuwa moto: anaruka, anarusha miguu, anacheza kama mtu aliyekulia kwenye mbaqanga. Ukimtaka huyo, jiandae kuchora mdomo wazi, jasho, na dredi zilizo hewani. Lucky wa wimbo wa Remember Me ni mwingine. Mle ndani mtoto anamwita baba aliyekwenda mjini kutafuta kazi akawasahau, na uso unaofaa wimbo ule ni mtulivu, macho yakiangalia pembeni kidogo. Kwa picha ya kumuenzi mtu sebuleni, mimi ningechagua wa pili, au tabasamu lake la kawaida. Picha ya jukwaani inachosha ukiitazama kila siku ukila chakula.

Jambo moja halina mjadala: usimtie msokoto mdomoni. Lucky Dube alieleza wazi kwamba hanywi pombe, havuti sigara wala bangi, na wimbo wenyewe wa Slave ni kilio cha mtu aliyefanywa mtumwa na ulevi. Moshi unaozunguka dredi umekuwa kama sare ya picha za reggae, lakini kwake ni uzushi. Mteja akiung'ang'ania, mshauri achague mwanamuziki mwingine.

Picha za kuigia

Tafuta picha tano au sita za kipindi ulichochagua. Moja ndiyo utakayoifuata kwa mkao na mwanga. Zingine ni mashahidi. Kama picha kuu imeficha sikio au upande wa taya, mashahidi watakuambia ukweli.

Picha kuu iwe na mwanga kutoka upande mmoja, ili nusu ya uso iwe kwenye kivuli. Picha ya flashi iliyopigwa mbele ya uso inafuta mashavu na pua, na utabaki na duara lenye macho. Epuka pia picha iliyopigwa karibu sana: pua inavimba na masikio yanakimbilia nyuma. Aliyekaa mita mbili au zaidi kutoka kwa kamera anatoka na vipimo vya kuaminika.

Ichapishe, usichoree kwenye kioo cha simu. Simu inazimika, inaongeza rangi kwa hiari yake, na kidole kikigusa inakuza. Chapisha nakala mbili za sentimita 15 kwa 20: moja ya rangi, nyingine nyeusi na nyeupe. Ya pili ndiyo utakayoitazama zaidi. Rangi ya ngozi inaweza kukosewa kidogo na mtu bado akatambulika, lakini kivuli kikikosewa mahali pake, umeshampoteza.

Picha zina wenyewe. Aliyepiga ile picha maarufu ana haki zake, hata kama imezagaa mitandaoni. Kwa kujifunzia nyumbani hakuna atakayekusumbua. Ukitaka kuuza au kuchapa kwenye fulana, omba ruhusa. Na kuunganisha picha kadhaa ili upate mkao wako mwenyewe ni jambo jema hata pasipo sheria, kwa sababu linakulazimisha kuujua uso badala ya kuunakili.

Kuandaa hadibodi

Hadibodi si kitu cha kuonea aibu. Edward Saidi Tingatinga alipoanza uchoraji wake Dar es Salaam mwaka 1968 alichorea mbao za namna hiyo kwa rangi za kupakia baiskeli, na leo kazi hizo zinatafutwa duniani. Hadibodi nzima ya futi 4 kwa 8 inatoa vipande sita vya sentimita 60 kwa 80, kwa hiyo shirikianeni wawili watatu mnunue moja, fundi seremala awakatie.

Chorea upande laini. Usugue kwa msasa wa kati hadi ule mng'ao utoke, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, kisha paka rangi nyeupe ya maji ya ukutani, ile isiyong'aa, mikono mitatu: wa kwanza kwa kulala, wa pili kwa kusimama, wa tatu kwa kulala tena. Kila mkono ukikauka, pitisha msasa laini. Ukiwa na geso ya dukani, yaani rangi nyeupe ya msingi ya wachoraji, tumia hiyo.

Paka na mgongo wa ubao pia, mkono mmoja. Watu wa pwani wanalijua hili: unyevu ukiingia upande mmoja tu, hadibodi inapinda, na Lucky wako anaanza kuinamia sakafu.

Mwisho, funika ule weupe kwa kahawia iliyozimuliwa sana kwa maji, uipake na kuifuta kwa kitambaa ibaki rangi ya chai hafifu. Ngozi nyeusi ikichorwa juu ya weupe mtupu hukudanganya: kila rangi inaonekana nzito kuliko ilivyo, nawe unaogopa, unaishia kumchora mtu mweupe kuliko alivyokuwa.

Kuchora kwa miraba

Piga mistari ya penseli kwenye picha yako ya sentimita 15 kwa 20, kila sentimita 2.5. Utapata miraba sita kwa nane. Kwenye hadibodi piga mistari kila sentimita 10, nayo itatoa sita kwa nane. Kilichomo kwenye mraba wa tatu juu ya picha kinakwenda kwenye mraba wa tatu juu ya ubao. Tumia chaki au penseli laini, mistari iwe hafifu.

Sasa fika kwenye kosa linalozalisha akina Bob Marley wote wa mitaani. Kanuni ya wachoraji inasema macho yako katikati ya kichwa, nusu ya safari kutoka kidevuni hadi utosini. Ni kweli, lakini utosi ni wa fuvu, si wa nywele. Mwenye dredi ana lundo juu ya fuvu, na mchoraji anayepima kutoka kidevuni hadi kilele cha nywele huyapandisha macho hadi kwenye paji la uso. Uso unarefuka, mashavu yanakonda, taya inachongoka. Umemwondoa Lucky, umemleta mwingine. Kwa hiyo kwanza chora fuvu tupu, kana kwamba amenyoa. Weka macho, pua na mdomo. Dredi zije baadaye, juu ya fuvu lililokwisha kukaa sawa.

Vipimo vingine vya kuhakiki, kwa uso unaotazama mbele: kati ya jicho na jicho pana upana wa jicho moja, pembe za mdomo uliotulia zinafika chini ya sehemu ya ndani ya mboni, na mdomo ukitabasamu zinatoka nje zaidi. Lakini hizi ni za binadamu wa wastani. Ufanano uko pale ambapo mtu wako anatofautiana na wastani, kwa hiyo penseli ipime picha, isipime kanuni. Angalia umbali kutoka pua hadi mdomo wa juu. Angalia mashavu yanavyopanuka anapocheka. Angalia masharubu na ndevu za kipindi ulichochagua: yapo, hayapo, ni mstari mwembamba au yamejaa?

Ukimaliza, geuza ubao na picha juu chini, uvitazame pamoja. Kisha vitazame kwenye kioo. Jicho lililopanda au taya iliyolala vitajitokeza papo hapo. Usishike rangi mpaka mchoro wa penseli peke yake umtaje mtu. Rangi haijawahi kuokoa mchoro mbovu.

Rangi za ngozi

Huhitaji boksi zima. Nyeupe, kahawia iliyokoza, kahawia nyekundu ya udongo, njano ya udongo, nyekundu, na buluu nzito ya altramarini zinatosha uso. Nyeusi ya tyubu iache dukani.

Sababu ni hii: ukichanganya kahawia na nyeusi kwa vivuli, kisha kahawia na nyeupe kwa penye mwanga, unapata ngozi iliyopauka, kama ya mtu aliyetoka kuoga akasahau mafuta. Ngozi nyeusi ina joto ndani yake na inarudisha rangi ya kila kilicho karibu. Kwa hiyo vivuli vizito vitoke kwenye kahawia iliyokoza na buluu. Vinakuwa vyeusi vya kutosha, lakini vina uhai. Sehemu ya kati, yaani mashavu na shingo, ni kahawia nyekundu na nyekundu kidogo. Pale mwanga unapoanza kupiga, ongeza njano ya udongo, si nyeupe. Nyeupe inakuja mwishoni kabisa, tone tu, kwenye mng'ao wa paji la uso, ncha ya pua na juu ya shavu; nayo ichanganye na buluu kama mwanga ni wa dirishani, au na njano kama ni taa ya jukwaa.

Anza na vivuli vyote kwa brashi bapa kubwa, bila kujali kope wala nyusi. Kunja macho, yaani tazama kwa kope zilizokaribiana, mpaka picha ibaki madoa matatu manne ya giza na mwanga. Yachore madoa hayo. Kwa saa ya kwanza usiwe na jicho wala mdomo, uwe na shimo la jicho na kivuli cha chini ya mdomo. Akriliki inakauka haraka, hasa feni ikiwa juu yako, kwa hiyo changanya kiasi cha kutosha na uwe na chupa ya kupulizia maji. Inapokauka inakoza kidogo. Zingatia hilo unapolinganisha.

Ukishuka kwenye macho, weupe wa jicho usiwe mweupe. Uko chini ya nyusi na kope, una kivuli. Kijivu chenye kahawia kidogo kinatosha, na nukta moja ya mwanga kwenye mboni. Nukta moja, upande uleule mwanga unakotoka kwa macho yote mawili.

Tabasamu

Hapa kaa sana. Watu wanamkumbuka akitabasamu, na tabasamu ndilo linaloharibika kwanza.

Meno usiyachore moja moja. Ukipiga mstari kati ya jino na jino unapata mahindi ya kuchoma. Yachore kama utepe mmoja wa kijivu cha maziwa, wenye kukoza kuelekea pembe za mdomo, kisha ongeza mwanga kwenye meno mawili ya mbele tu. Mipaka kati ya meno ionekane pale yanapogusana na ufizi na kwenye ncha, basi.

Kisha panda juu. Mtu akitabasamu kwa dhati, mashavu yananyanyuka na kusukuma kope za chini. Macho yanapungua, na mikunjo midogo inatokea pembeni. Mchoraji akichora mdomo unaocheka na kuyaacha macho yakiwa wazi kama ya picha ya kitambulisho, mtazamaji anapata hisia ya kudanganywa bila kujua kwa nini. Funika mdomo kwa karatasi. Kama macho peke yake hayatabasamu, bado.

Dredi

Zichore kwanza kama umbo moja kubwa jeusi, kwa kahawia iliyokoza na buluu, ukijali ukingo wake wa nje tu. Likishakauka, chagua dredi chache zinazopigwa na mwanga, zile za mbele na za begani, uzipe umbo la mwanzi: upande wa mwanga, upande wa kivuli, na mwanga hafifu unaorudi ukingoni. Zingine ziache zizame gizani. Jicho la mtazamaji litazihesabu lenyewe.

Dredi si kamba ya katani. Hazilingani unene, zina vifundo, nyingine zimeungana karibu na mzizi, na pale kichwani nywele changa zinaonekana hazijajifunga. Brashi kavu yenye rangi kidogo, ikiguswa juu juu, inatoa ule ukwaruko vizuri kuliko mistari mia ya brashi nyembamba. Na usisahau kivuli chake juu ya paji la uso. Bila hicho nywele zinaelea kama kofia ya kuazima.

Nyekundu, njano, kijani

Rangi hizi zimetoka kwenye bendera ya Ethiopia, ambayo kijani ndicho kiko juu. Warasta wengi hupanga nyekundu juu. Vyovyote utakavyopanga, atatokea mzee wa kijiweni kukusahihisha, kwa hiyo amua mapema unafuata upi.

Tatizo kubwa zaidi ni kelele. Mistari mitatu mikali nyuma ya uso wa kahawia inauzima uso. Ama uzipunguze makali kwa kuchanganya kahawia kidogo katika kila moja, ama uziweke pachache: ukanda wa begani, ukingo wa kofia, au mwanga wa taa ukigusa upande mmoja wa shavu. Njia hii ya mwisho ni ngumu lakini inapendeza kuliko zote. Nyuma yake weka kijani kizito karibu na nyeusi, na njano ya shavu itawaka yenyewe. Mimi binafsi naona picha isiyo na bendera kabisa inamheshimu zaidi, ila najua mteja wa kawaida atauliza "mbona haina rasta?"

Jina, vanishi na kutundika

Maandishi yawe madogo: Lucky Dube, 1964–2007. Yaandike kwanza kwenye karatasi, upime nafasi, ndipo uhamishe kwa chaki. Jina lako liwe kwenye pembe ya chini.

Ukitaka kung'arisha kwa rangi ya mafuta, inaweza kupakwa juu ya akriliki iliyokauka. Kinyume chake hapana. Akriliki juu ya rangi ya mafuta itabanduka kwa maganda. Picha ya akriliki tupu ikae siku kadhaa kabla ya vanishi. Paka vanishi ya akriliki mikono miwili myembamba, ubao ukiwa umelala, madirisha wazi lakini feni imezimwa ili vumbi lisitue. Isiyong'aa sana ni bora kwa uso mweusi, kwa sababu inayong'aa inaakisi dirisha, na mtazamaji anajiona yeye.

Kwa kusafirisha kwa basi, ifunge kwa shuka au karatasi ya kaki, kadibodi juu yake, na pembe nne uzikinge. Nailoni isigusane na rangi. Kwenye joto la buti inanata na kutoka na kipande cha shavu. Itundike mbali na jua la moja kwa moja na moshi wa jiko. Watu wengi huziagiza picha hizi kwa ajili ya kumbukumbu ya Oktoba 18, na mafundi seremala nao huchelewa. Nunua hadibodi mwanzoni mwa Septemba.